Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Stenti Imewekwa, Dawa Bado

Ndugu wanachama, ndugu mnaouguza, na wageni wetu,

Kwa niaba ya kamati ya utendaji nawaletea taarifa ya mwaka ya chama chetu cha wenye uvimbe wa mshipa wa damu ubongoni, yaani sehemu ya mshipa iliyovimba kama puto. Ya kawaida nayapitia haraka. Vikao vya kamati vimefanyika, mkutano wa katikati ya mwaka umefanyika, na ada zinasuasua kama miaka yote. Wenzetu waliotangulia mbele ya haki watatajwa na katibu, nasi tutasimama kuwakumbuka. Muda uliobaki nauomba kwa jambo moja lililotutawala mwaka mzima, nalo ni vidonge vya kuzuia damu kuganda.

Humu ndani tuna waliofunguliwa fuvu, uvimbe ukabanwa kwa klipu pale unapotokea kwenye mshipa. Tuna waliojaziwa ndani ya uvimbe koili za platini, yaani nyuzi laini zilizojikunja, kwa mrija uliopitishwa kinenani. Na kundi linaloongezeka ni la waliowekewa stenti, yaani wavu mdogo wa chuma ndani ya mshipa, wengine Dar es Salaam, wengine Nairobi, wengine India. Hawa ndio wanaompigia katibu simu kuliko wote, na swali lao ni lile lile: “Nimeshatibiwa, mbona bado nameza dawa?”

Jibu tulilipata kwenye mkutano wa katikati ya mwaka. Daktari tuliyemwalika alikuja na stenti ya kufundishia na mrija wa plastiki unaoonyesha ndani. Stenti ilikuwa imebanwa ndani ya katheta, yaani mrija mwembamba usiofika milimita moja kwa upana. Alipousukuma waya, wavu ukachomoza nchani, ukajifungua wenyewe na kukaa ukiwa umegusa kuta za mrija pande zote. Mzee mmoja akaichukua, akaielekeza dirishani, akauliza: “Daktari, hiki ni kama chandarua cha dagaa. Damu si itapita tu?”

Itapita, na ndiyo kazi yake. Stenti za kwanza za ubongo, zilizoanza kuruhusiwa Marekani mwaka 2002, zina matundu mapana. Kazi yake kubwa ni kuzuia koili zisichomoke pale ambapo mdomo wa uvimbe ni mpana. Aina ya pili, iliyoruhusiwa huko mwaka 2011, imesukwa kwa nyuzi nyingi zaidi na mara nyingi haihitaji koili. Damu inaendelea na safari yake mshipani, lakini inayoingia kwenye uvimbe inapungua kasi, inatuama, inaganda. Huku mdomoni mwa uvimbe, utando wa ndani wa mshipa unatambaa taratibu juu ya nyuzi mpaka unazifunika.

Neno ni hilo “taratibu”. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2013, watu 108 wenye uvimbe mkubwa kwenye ateri ya karotidi walifuatiliwa. Baada ya miezi sita uvimbe ulikuwa umefunga kabisa kwa takriban asilimia 74, na kati ya waliopigwa picha baada ya mwaka mmoja, asilimia 87. Utafiti huo huo ulionyesha pia kwamba takriban asilimia 6 walipata kiharusi kikubwa au kufariki kwa sababu za ubongo ndani ya miezi hiyo sita ya mwanzo. Nazitaja zote mbili kwa makusudi, maana kuna wanaotangaza stenti kana kwamba haina hatari.

Basi, mpaka utando ufunike, kile ni chuma kitupu ndani ya damu, na damu ikikutana na chuma hutaka kuganda. Ndiyo maana ya aspirini na klopidogreli kwa pamoja, kuanzia kabla ya stenti kuwekwa. Klopidogreli huendelea kwa miezi kadhaa, aspirini kwa miaka, na kwa wengi maisha yote. Kuna watu ambao ini lao haliiamshi klopidogreli ipasavyo. Ulizeni kama damu yenu ilipimwa, kwa sababu dawa mbadala zipo. Na mnaotumia omeprazoli kwa vidonda vya tumbo mwambieni daktari, kwani hupunguza nguvu ya klopidogreli.

Mwaka huu mwenzetu mmoja alikwenda kung’oa jino. Aliambiwa aache dawa zote mbili wiki nzima, akaacha, na aliyemtuma kuacha hakumpigia simu daktari aliyeweka stenti. Siku chache baadaye ulimi ukawa mzito. Anaendelea vizuri, ila vifungo vya shati bado anafungiwa na mkewe. Wengine wanameza leo wanaruka kesho ili pakiti ifike mwisho wa mwezi. Siwalaumu, bei naijua.

Kwa sababu hiyo kamati imeamua mfuko wa dharura ulipie dawa kwanza, nauli za mikutano baadaye. Najua baadhi ya wanachama wa mikoani wamekasirika. Mkitaka kuupinga uamuzi huu, ajenda ya nane ni yenu, ila mimi nitausimamia.

Tulibishana pia juu ya kuwahimiza watu wote wakapigwe picha ya ubongo kwa mashine ya MRI, na pendekezo hilo sikuliunga mkono. Takriban watu wazima 3 katika 100 wana uvimbe wa aina hii, na mwingi haupasuki kamwe. Kumtia mtu hofu ya kitu kidogo ambacho daktari atasema kiangaliwe tu si huduma. Ila familia yenye ndugu wawili au zaidi wa damu waliougua, hiyo ikaonane na daktari. Na kila mmoja wetu aache sigara na apime presha. Maumivu makali ya kichwa yanayopiga ghafla, ambayo hujawahi kuyapata maishani, hayasubiri asubuhi. Mwenye maumivu hayo apelekwe hospitali. Na ambaye uvimbe wake umekwisha kuvuja damu, kwa kawaida hatawekewa stenti kwanza, maana dawa hizi zinaweza kuongeza kutoka damu.

Kadi za stenti zimechapishwa kwa Kiswahili: aina ya stenti, tarehe, dawa, simu ya daktari. Zichukueni mezani kwa katibu. Mwonyesheni daktari wa meno kabla hajashika koleo, na mhudumu wa MRI kabla hamjalala kwenye mashine.

Namkaribisha mweka hazina asome hesabu.