Mkataba wa Gari la Kukodi Unaoishia Kwenye Lami

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kero inayowapata watu wanaokodi magari Mombasa na Malindi kwa nia ya kwenda kuuzunguka msitu wa Arabuko-Sokoke na vijiji vinavyopakana nao. Kero yenyewe ni sharti lililomo katika mikataba mingi ya magari hayo, linalomkataza mkodi kulitoa gari nje ya barabara ya lami. Wachache hulisoma na wengi hulivunja kwa ruhusa ya mdomo ya mwenye gari mwenyewe, kisha likakumbukwa siku ya kurudisha gari, amana inapohesabiwa.

Kwa msomaji asiyeujua upande huu wa Kaunti ya Kilifi, msitu huu una ukubwa wa takriban kilomita za mraba 420, na ndio mkubwa kuliko vipande vyote vya misitu mikavu ya pwani vilivyosalia Afrika Mashariki. Barabara kuu ya Mombasa–Malindi inapita ukingoni mwake upande wa mashariki, kwa hiyo mwenye gari dogo anaweza kuona mengi bila kuiacha mbali: atasimama kwenye hori ya Mida akatembee juu ya daraja la mbao katikati ya mikoko, na akifika Gede ataingia magofu ya mji wa kale ulioandikishwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, akamalizia kwa mradi wa Kipepeo, ambao tangu mwaka 1993 unanunua mabuu ya vipepeo kutoka kwa wakulima wanaoishi kandokando ya msitu. Simkatazi mtu kuishia hapo, kwani hiyo peke yake ni siku nzima ya matembezi.

Hata hivyo, msitu haufanani kote. Upande wa mashariki kuna mchanganyiko wa miti, mibambakofi ikiwamo. Katikati kuna ukanda wa miti ya mirihi iliyoota juu ya mchanga mweupe. Na magharibi, kuelekea kijiji cha Jilore na magenge ya Nyari, udongo hugeuka mwekundu na miti ya jamii ya Cynometra husongamana hata jua likapenya kwa shida. Ni katika udongo huo mwekundu ndiko anakoishi zaidi bundi mdogo wa Sokoke, ndege ambaye nje ya msitu huu anajulikana katika sehemu chache tu, zikiwamo vilima vya chini vya Usambara Mashariki, nchini Tanzania. Matatu haziingii huko alfajiri wala magharibi, na hizo ndizo saa za ndege na wanyama kuonekana. Anayemtaka bundi huyo, au anayetaka kumwona sange mwenye kiuno cha dhahabu akichakura majani makavu kabla ya jua kuwa kali, anahitaji gari lake mwenyewe na mwongozaji wa kumpeleka. Ndiyo maana nasema kwamba sharti la lami linamkatisha mgeni safari kabla ya kufikia kile alichokijia.

Nilikodi gari Mombasa mwaka huu kutoka kwa kampuni ambayo sitaitaja, nikamweleza kijana aliyenihudumia kwamba nilikuwa nakwenda Jilore na Kakuyuni, naye akanijibu kwa uchangamfu kwamba hakuna shida, mradi nisivuke mito. Tulilizunguka gari pamoja, akaweka alama za mikwaruzo kwenye ule mchoro wa gari uliopigwa chapa kwenye fomu, tukatia sahihi. Hakuna aliyeinama kutazama chini ya gari. Niliporudi, gari likiwa limeoshwa na halina hata mchubuko mpya, kijana mwingine alilala kifudifudi sakafuni, akamulika kwa tochi ya simu, akanyofoa kishada cha nyasi kavu kilichonasa karibu na bomba la moshi, akapitisha kidole kwenye ukingo wa mlango na kunionyesha vumbi jekundu. Nilikatwa sehemu ya amana kwa kosa la kuliendesha gari nje ya lami, ingawa hakuna kilichoharibika. Nilipomtaja yule kijana wa kwanza niliambiwa kwamba maneno yake hayamo kwenye mkataba, na hilo ni kweli kabisa, hayakuwamo.

Siwalaumu wenye magari kwa kuogopa njia hizo, kwa maana hofu yao ina msingi. Kwenye mchanga mweupe wa mirihi, magurudumu ya magari yaliyotangulia huchimba mifereji miwili na kuacha tuta katikati, na gari lililo chini hukalia tumbo juu ya tuta hilo huku magurudumu yakizunguka bure. Dereva asiyejua huzidi kukanyaga mafuta, gia zikapata moto, na gari likazidi kuzama, ilhali dawa ilikuwa ni kupunguza upepo kidogo katika magurudumu na kwenda polepole bila kusimama. Kwenye udongo mwekundu mambo ni kinyume. Wakati wa kiangazi njia ni ngumu na yenye vumbi tu, lakini mvua za masika zikishanyesha, hasa mwezi wa Mei ambapo pwani yetu hupata mvua nyingi, uso wa njia huteleza kama sabuni, na hata gari linalovuta kwa magurudumu yote manne huishia mtaroni. Gari ni lile lile na dereva ni yule yule, lakini njia ya Februari si njia ya Mei. Mkataba unaozungumzia lami na kisicho lami peke yake hauwezi kulijua hilo.

Suala la bima nalo limefichwa mno. Sheria, katika Sura ya 405 ya Sheria za Kenya, inalazimisha kila gari liwe na bima dhidi ya madhara kwa watu wengine, na bima hiyo inamlinda anayegongwa bila kulitengeneza gari lililogonga. Magari mengi yanayokodishwa ni ya watu binafsi wanaoyakabidhi kwa mawakala, na bima ya gari la matumizi ya binafsi kwa kawaida hailipi hasara iliyotokea gari likiwa limekodishwa kwa malipo. Mkodi aelezwe mapema gari lina bima ya aina gani, je, imeandikiwa kazi ya kukodisha, na ni kiasi gani cha kwanza cha hasara kitakachotoka mfukoni mwake kabla ya kampuni ya bima kugusa chochote. Mimi niliyauliza hayo, nikaonyeshwa kibandiko kwenye kioo cha mbele, kana kwamba kibandiko kinasema zaidi ya tarehe.

Ninachopendekeza si kigumu wala hakihitaji sheria mpya. Mwenye gari ataje kwa maandishi, kwa Kiswahili kinachosomeka, njia ambazo gari lake linaruhusiwa kupita na miezi linaporuhusiwa, na kama anataka malipo ya ziada kwa njia za udongo, basi ayataje hapo hapo ili mkodi achague. Ningelipa ziada hiyo bila kunung'unika. Sehemu ya chini ya gari ipigwe picha wakati wa kuondoka na wakati wa kurudi, kila upande ubaki na nakala. Gari linaloruhusiwa kwenda Jilore liwe na gurudumu la akiba lenye upepo, kamba ya kuvutia, na kipande cha ubao mnene, kwa kuwa jeki ikisimamishwa juu ya mchanga mtupu huzama yenyewe badala ya kuinua gari. Nimeona wasafiri wakichukua mlango wa banda la kuku la mwenyeji ili kuitegemeza, na mwenyeji huyo akawa mkarimu kuliko walivyostahili. Iandikwe pia namba ya simu ya mtu anayeweza kuja, maana fundi aliyeko Mombasa hamfai kitu aliyekwama nyuma ya msitu jua likizama, ndovu nao wakianza kutembea.

Serikali ya kaunti na mamlaka ya barabara za vijijini nazo zina sehemu yao, ingawa nitaigusa kwa ufupi. Ramani za simu huonyesha vijia vya zamani vya wakata mbao kana kwamba ni barabara, na kwenye makutano mengi upande wa magharibi hakuna kibao kinachomwambia mgeni ni njia ipi inakwenda kijijini na ipi inaishia kwenye uzio wa umeme. Vibao vichache vya mbao, vikiwa na jina la kijiji na umbali kwa kilomita, vingemwokoa mgeni na vingemwokoa pia mwenye gari.

Wapo watakaosema kwamba haya ni matatizo ya watu wenye uwezo wa kukodi magari. Nawaomba watazame Mida, ambako ada ya wageni wanaopita juu ya lile daraja la mbao husaidia kulipa karo za wanafunzi wa sekondari kutoka jamii zinazopakana na msitu, kupitia mpango wa shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya. Daraja hilo linafikiwa kwa urahisi kutoka barabara kuu. Wenyeji wa Jilore na vijiji vya nyuma ya msitu wana mandhari na wana vijana wanaowajua ndege kwa sauti zao, ila gari la mgeni haliwafikii, au likiwafikia hufika kwa siri na kuondoka kwa haraka dereva akiwaza amana yake. Msimu wa Desemba ndio unaoleta wakodi wengi, na kubadilisha fomu ya kurasa mbili ni kazi inayoweza kumalizika kabla ya hapo.

Msomaji wenu,
Mtwapa, Kaunti ya Kilifi