Muziki Wenu Hauna Mlango: Barua ya Wazi kwa Vijana wa Maspika wa Tabora

Wajukuu zangu mnaokodisha muziki hapa mjini, kuanzia Isevya hadi Ipuli, mwangaluka.

Barua hii nimekaa nayo tangu Jumamosi ile. Nilisema nisiandike nikiwa na hasira, ngoja ipoe kwanza. Haikupoa. Basi ipokeeni hivyo hivyo ya moto, atakayeungua apulize.

Nilialikwa mahafali ya watoto wa awali. Shule siitaji, maana leo ni ile, kesho ni nyingine. Kitukuu changu alikuwa anahitimu. Wamevalishwa majoho na kofia za pembe nne, watoto wa miaka sita, jasho linawatiririka shingoni. Wakaimba wimbo wa taifa, wakatusomea ngonjera ya kunawa mikono, tukapiga makofi hadi viganja vikauma. Kisha mshereheshaji akapaza sauti: "Sasa tuwaone wataalamu wetu!" Na mmoja wenu, kijana wa kofia aliyekuwa amekaa kwenye meza ya mitambo, akaachia wimbo.

Maneno yake siyaandiki. Anayeujua anaujua, na asiyeujua nisiwe mimi wa kumfundisha. Ni mwanamume anamweleza mwanamke atakavyomfanya wakifika chumbani, hatua kwa hatua, kama fundi anayemwelekeza saidia wake namna ya kufungua injini. Watoto waliujua wote. Waliuimba kwa sauti ile ile waliyosomea ngonjera ya kunawa mikono. Binti mmoja akashika magoti, akaanza kukata mauno, na watu wazima, akina mama, akina baba na mwalimu mmoja, wakainuka kwenye viti kwenda kumtunza. Noti ya elfu mbili ikabandikwa kwenye paji la uso la mtoto wa miaka sita. Akaizuia kwa kidole isianguke, akaendelea.

Nikatafuta fimbo yangu niondoke. Nikamwona kitukuu changu yuko mstari wa pili, anajitahidi naye aonekane.

Najua mtakachosema. Babu, mambo yamebadilika. Mzee, umepitwa na wakati. Maneno hayo nayajua kwa sababu niliwahi kuyasema mimi, tena kwa kiburi kuliko nyinyi. Mwaka 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ulipoendesha Operesheni Vijana, kupiga vita sketi fupi, suruali za kubana na mawigi, nilikuwa na miaka kumi na tisa. Habari zilitufikia huku kwa redio na kwa wasafiri wa treni, na suruali yangu moja ya maana niliilaza chini ya godoro miezi mizima. Mwaka huo huo muziki wa soul nao ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Tukausikiliza kwa kujificha, na ukawa mtamu zaidi. Kwa hiyo msinisome kama mzee anayetaka nyimbo zifungiwe. Nimeshaona zinavyofungiwa.

Wala sisemi nyimbo za zamani zilikuwa safi. Nani kawadanganya? Redio ilikuwa moja, Radio Tanzania, ya serikali, na maneno ya wimbo yalipitiwa kabla bendi haijaingia studio. Watunzi wakajifunza kufumba. Mkisikia mzee mwenzangu anasifia wimbo wa tunda fulani kwamba ni wa adabu, mcheni Mungu, tunda lile si tunda. Na huko kwa wanawake ndiko kulikokuwa na makubwa. Bibi yenu, Mungu amrehemu, alikuwa somo, amefunda mabinti wasio na hesabu. Nyimbo walizomwimbia mwali mle ndani, nilizokuja kudokezewa mbili tatu nikiwa nimeshazeeka, zingewafanya hawa wasanii wenu wajifunike shuka. Hakuna kilichofichwa. Lakini mlango ulikuwa umefungwa, mwanamume hasogei, na mtoto anayechungulia anajua kitakachompata.

Mlango. Hicho ndicho kilichonifanya nishike kalamu, na naomba mniruhusu nikae hapo, kwa sababu mimi nilikuwa mlango.

Kati ya mwaka 1971 na 1976, mchana nilikuwa karani wa reli pale stesheni, na usiku wa Jumamosi na Jumapili mchana nilisimama kwenye mlango wa ukumbi wa dansi, nakata tiketi. Mji huu ulikuwa mji wa muziki, jamani. Hapa ndipo nyumbani kwa bendi zile, kwa Kiko Kids, kwa Nyanyembe Jazz, kwa Tabora Jazz na mtindo wao wa Segere Matata. Jumapili kuanzia saa nane mchana lilikuwepo bugi, dansi la vijana na wanafunzi. Soda tu, na jua likianza kuzama wote nje. Usiku ulikuwa wa wakubwa. Magitaa yale yale, wapigaji wale wale, lakini wimbo wa usiku haukupigwa mchana, na kiongozi wa bendi hakuhitaji kukumbushwa. Akichungulia akaona soksi za shule, alijua apige nini.

Usiku mmoja akaja kijana wa kidato cha pili amevaa koti la baba yake, mikono imemeza vidole, na sharubu kajichora kwa mkaa. Nikamwuliza kwa heshima zote, "Mzee, ulizaliwa mwaka gani?" Akaanza kupiga hesabu. Hesabu ikawa ndefu, jasho likaanza kumtoka, sharubu zikaanza kushuka hadi kidevuni. Foleni nzima ikalia kwa kicheko. Akanitukana vizuri sana, akarudi bwenini. Leo ni babu mwenzangu, tunasali naye, na mpaka kesho anasema ananidai usiku mmoja.

Huyo namsimulia nikicheka. Kuna usiku mwingine siucheki. Walikuja wasichana watatu wa shule na mwanamume mwenye pesa, na mwanamume yule akanipa bia mbili. Mbili tu. Nikageuza uso upande wa pili kama natafuta chenji. Mmoja wa wale wasichana hakurudi darasani muhula uliofuata, na zama zile binti akishapata mimba hakuna kurudi. Ruhusa ya kurudi shule imekuja mwaka 2021. Hakuna aliyekuja kuniuliza chochote. Lakini nilijua, na baadaye nikawa nakutana naye sokoni anauza nyanya, ananisalimia "shikamoo" kwa adabu kabisa.

Sasa mniambie wimbo ndio uliompa mimba. Wimbo haujawahi kumpa mtu mimba. Ni yule mwenye pesa, na ni mimi wa mlangoni.

Wimbo una nguvu, hilo wala tusibishane. Wanyamwezi wa zamani walibeba pembe za ndovu na vitambaa kati ya Unyanyembe, yaani huku kwetu Tabora, na Bagamoyo, mzigo begani, mwendo wa miezi, na walikuwa wakiimba. Wimbo ulipanga miguu. Aliyechoka alijikuta bado anatembea. Unaingia mwilini kabla akili haijaulizwa. Ila yule mtoto wa mahafali, nawaambieni, maneno hakuyaelewa. Alichokielewa ni ile noti. Ngonjera ya kunawa mikono tulimpigia makofi. Kwa mauno tulimlipa. Mtoto wa miaka sita anajua kutofautisha makofi na elfu mbili.

Na hapo niwageukie kidogo wazazi, kwa sababu najua nao wataisoma barua hii huku wakitikisa vichwa kunikubali. Nyie mliosimama na noti mkononi ndio mtakaokaa kwenye kikao cha shule mkiuliza mabinti wa siku hizi wameingiliwa na nini. Kamati za sherehe mnajadili rangi ya vitambaa vya viti wiki tatu, na nyimbo mnamwachia kijana wa miaka ishirini ambaye hamjui hata jina lake. Mwaka 2018 mamlaka zilizuia nyimbo kadhaa zisipigwe redioni wala kwenye televisheni, mkashangilia kana kwamba kazi imekwisha. Zilikuwa zimeshaingia kwenye simu zenu na kwenye flashi za bodaboda. Serikali inaweza kufunga mlango wa redio. Wa sebuleni kwako unataka akaufunge nani? Halafu mnawatukana wasanii. Msanii kaimba wimbo wa wakubwa, kauimbia wakubwa. Ni nani aliyeupeleka chekechea?

Nyinyi, wajukuu zangu. Nyinyi mliokaa kwenye mitambo. Siku hizi mlango ni huo wa kwenu, na mmeuacha wazi mkaenda kula pilau.

"Tunapiga wanachotaka watu." Watu gani? Spika zile mbili zenye urefu wa kabati mkizielekeza barabarani pale Kanyenye, mnawapigia walioalikwa na wasioalikwa. Mnampigia mgonjwa, bibi mwenye tasbihi, na mtoto aliyetumwa chumvi. Hao hawakuwakodi. Sisi ukumbi wetu ulikuwa na kuta, asiyetaka alikaa kwake. Muziki wenu hauna ukuta, unagonga hodi huku umeshaingia.

Kwenye kompyuta zenu wekeni mafaili mawili, la mchana na la usiku, kisha kabla ya kuanza mwulize mwenye shughuli swali moja tu: watoto wapo? Wakiwepo, la usiku lisifunguliwe mpaka wamepelekwa kulala, hata mshereheshaji aombe kwa magoti, hata shangazi wa bwana harusi aje na elfu kumi. Mtasema mtakosa wateja. Mtawakosa wawili. Mimi nilipokataa bia, ambazo zilikuwa nyingi kuliko nilizopokea, niliitwa mshamba mji mzima, na wazazi wakawa wanawaruhusu watoto wao kuja bugi kwa sababu "yule mshamba yupo mlangoni".

Mengine nayapitia mbio. Adhana ikilia, shusheni. Mtaa wa pili kukiwa na msiba, msingoje kuletewa mjumbe. Septemba darasa la saba wanafanya mtihani, na Novemba kidato cha nne. Kazi ya msanii ina mwenyewe, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ipo, mlipe kinachotakiwa. Mlevi asipewe kipaza sauti. Nyaya zisilale kwenye maji. Na masikio yenu, wanangu: sauti ya desibeli 85 sikio linavumilia kwa muda wa saa nane, kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu, kwa hiyo kwenye 100 mna robo saa tu. Nyie mnakaa mbele ya spika usiku kucha. Vizibo vya masikio vinauzwa, nunueni.

Msidhani siwapendi. Nimewaona alfajiri mnasukuma maspika kwenye guta, mvua inanyesha, mmeyafunika kwa makoti yenu na nyie mmelowa. Nimewaona mnafundishana kuchomelea nyaya chini ya mwembe, watu ambao hakuna ofisi iliyowaita. Mwaka jana siku ya maziko ya mke wangu, mmoja wenu alikuwa na shughuli hatua chache kutoka kwangu. Alizima mwenyewe, akaja kukaa na wafiwa, akachimba kaburi na wenzake. Sikumjua jina. Ndiyo maana naandika. Ingekuwa nimewakatia tamaa ningefunga dirisha nikanyamaza.

Jumamosi ijayo mjukuu wangu anaolewa. Yule kijana wa kofia ndiye niliyemkodi, na nusu ya malipo ameshachukua. Asubuhi atapiga anachojua kuwafaa watoto, jioni atatuwekea Segere Matata mbili tatu sisi wa magoti mabovu, na saa tatu usiku watoto wote watapandishwa bajaji kupelekwa kwa shangazi yao kule Cheyo. Baada ya hapo afungue faili analotaka, biharusi ni mtu mzima. Kiti changu kitakuwa mlangoni. Na wewe wa kofia, ukisoma hapa, njoo na waya mrefu, soketi iko mbali.