PCM msikimbilie jina la chuo tu
Mhariri, naomba kanafasi niongee na vijana wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) waliomaliza kidato cha sita. Kila mtu anataka UDSM, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, sikatai, uinjinia pale upo tangu 1973, lakini MUST (chuo kikuu cha sayansi na teknolojia) kule Mbeya na DIT (taasisi ya teknolojia) hapo Dar nao wapo na ni vyuo vya serikali vilevile. Mdogo wangu nilimwambia kabla hujajaza maombi watafute walio mwaka wa tatu uwaulize karakana zinafanya kazi kweli au zimefungwa kufuli, fildi wanapelekwa wapi, halafu hakikisha kozi yenyewe inatambuliwa na ERB, bodi ya usajili wa wahandisi, maana miaka 4 ni mingi jamani na hela ya mzazi haiokotwi. Na mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, aombe mapema.

Kaka mtu, Morogoro