Akinyi, Usivue Jezi Kwanza

Kondele, Kisumu

Mwanangu Akinyi,

Barua yako imefika. Unasema kocha amekupanga chini ya kikapu kukaba tu, wenzako ndio wanaofunga na kushangiliwa, na sasa unataka kuacha timu. Ngoja kwanza nikueleze habari za Dikembe Mutombo, mchezaji wa mpira wa kikapu kutoka Kongo.

Alizaliwa Kinshasa mwaka 1966. Alipokwenda Marekani kusoma chuo cha Georgetown, alitaka kuwa daktari. Kocha John Thompson ndiye aliyemvuta kwenye timu ya chuo, kijana wa futi 7 na inchi 2. Akaishia kucheza NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, misimu 18. Na katika miaka yote hiyo, wastani wake wa jumla haukufika hata pointi 10 kwa mechi! Ila alizuia mitupo 3,289. Katika rekodi za ligi hiyo aliyempita ni Hakeem Olajuwon wa Nigeria peke yake. Mara 4 alitajwa mkabaji bora wa mwaka. Akishazuia mpira, alinyanyua kidole na kukitikisa kama nyanya yako anapomkanya mtoto asiguse sufuria ya moto.

Tafuta picha yake ya mwaka 1994. Denver, timu yake, iliyoingia mtoano ikiwa ya nane, imeitoa Seattle iliyokuwa ya kwanza, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea. Mutombo amelala chali sakafuni, mpira kaukumbatia kwa mikono miwili juu ya kichwa, anacheka kwa furaha. Katika mechi zile 5 alizuia mitupo 31. Nani atakuambia hiyo si kazi ya kushangiliwa?

Lakini linalonigusa mimi zaidi ni hospitali. Mama yake alifia nyumbani Kinshasa kwa sababu ya machafuko na kafyu; hakukuwa na njia ya kumfikisha kwa daktari. Mutombo akatoa dola milioni 15 zake mwenyewe, na mwaka 2007 ikafunguliwa hospitali ya vitanda 300 yenye jina la mama huyo, Biamba Marie Mutombo. Watu husoma "vitanda 300" wakapita. Mimi muuguzi siwezi kupita. Nimempokea mama mjamzito usiku wa manane, kaletwa na boda kutoka Nyalenda, leso imelowa, mkono wake haubanduki kwenye koti la dereva, na mimi kichwani nahesabu ni kitanda kipi kitapatikana. Kwangu kitanda kimoja ni habari kubwa.

Alifariki Septemba 2024 kwa saratani ya ubongo, akiwa na miaka 58. Niliumia kama niliyempoteza jamaa.

Sasa, viatu vya namba 43 nimevipata Kibuye, vizima kabisa, soli haijalika. Nitakuletea siku ya wazazi, nimeshabadilishana zamu. Mkiwa na mechi siku hiyo nitakaa nyuma ya kikapu unachokilinda, nikuone vizuri.

Ni mimi mama yako