Mzizi wa wiki hii: port
Wadau mambo, samahanini jana sikutuma somo, umeme ulikata huku Area C na simu ilikuwa na chaji 3%. Wiki hii tunashika mzizi mmoja tu wa maneno ya Kiingereza, port, kwa Kilatini portare yaani kubeba, ukishaushika huo basi import ni kubeba kuingiza ndani, export kutoa nje, transport kuvusha, report kurudisha habari, na porter ndo wale wapagazi wa Kilimanjaro. Ila port ya bandari msichanganye, hiyo imetoka kwenye portus, neno lingine la Kilatini, ilinisumbua sana mwenyewe 😂 Kila mtu atume voisi ya sentensi 3, si kukopi gugo, tunajuana. Jumamosi saa 10 jioni Nyerere Square, na aliyeahidi zabibu asijifanye kasahau.