Vipindi vyangu vya siku hizi

Mwanza, Jumapili

Mwalimu mwenzangu,

Salamu nyingi kutoka Nyakato. Mzee anakusalimu, goti lake bado linamsumbua, ila hilo tuliache. Siku ile kwenye simu uliniuliza nashinda na nini tangu niweke chaki chini, salio likakata kabla sijakujibu. Basi nakuandikia, na usiwasimulie walimu wenzetu wote: nashinda natazama watu wakipika.

Mjukuu ndiye aliyenifungulia YouTube kwenye simu. Nilianza na mapilau na maandazi ya hapa nyumbani, mara nikajikuta Japani, mara Ufaransa. Nusu ya vyakula vyenyewe siwezi hata kuvitamka, na sina mpango wa kuvipika. Siagi wanayotia kwenye sufuria moja ingenifikisha mwisho wa mwezi. Ninachofuata mimi ni mikono. Mtu anayeijua kazi yake akishika kitunguu, ncha za vidole zimekunjwa ndani, ubavu wa kisu unateleza juu ya vifundo vya vidole, mimi hapo sisikii hata mlango ukigongwa. Mashindano tu ndiyo sipendi. Saa inahesabu dakika, jaji amekunja uso, mpishi anabubujikwa machozi. Tumesimamia mitihani miaka yote ile, halafu nikae kwenye kochi langu jioni nitazame mtahiniwa analia?

Kipenzi changu kati yao alishafariki, mwaka 2004. Ni Mmarekani, Julia Child, bibi mrefu wa zaidi ya futi 6, mwenye sauti kama ya yule mama mkuu wa kwaya yetu. Kipindi chake kilianza kurushwa Boston mwaka 1963, naye ana miaka 50. Hamsini, Mwalimu! Chapati ya viazi ikimponyoka akiigeuza, anaiokota anaendelea na maelezo. Kwa sababu ya urefu wake, meza za jikoni kwake ziliinuliwa ili asipinde mgongo, na mumewe akamtundikia sufuria na vikaango ukutani kwenye ubao wenye matundu, kila chombo kimechorewa umbo lake ili kirudi mahali pake. Jiko hilo zima lilibomolewa mwaka 2001 likapelekwa kwenye makumbusho kule Washington, hadi vijiko.

Nilimwonesha Mzee. Hakusema neno. Kesho yake nimetoka sokoni nakuta amepigilia misumari kwenye ukuta wa jikoni na anachora kwa mkaa: karai, chujio, upawa, kikaango cha chapati, na ile mbuzi ya kukunia nazi uliyoniachia ulipohama. Mbuzi ndiyo ilimtoa jasho, umbo lake halichoreki, ameichora inafanana na mamba. Jirani alipoingia akauliza kama tumefungua chekechea. Lakini faida yake nimeiona: sufuria ya kati imebaki mchoro mtupu ukutani tangu wiki ya harusi, na kila jirani huyohuyo akija kupiga soga, namkalisha aelekee mchoro.

Chombo ninachokipenda kuliko vyote hakijachorwa, kwa sababu hakikauki kikatundikwa. Unakijua: kibao cha visoda cha kuparia magamba ya samaki. Kipande cha mti chenye mshikio, visoda vimepigiliwa kwa msumari mmojammoja, meno yakitazama nje. Kwenye vipindi nimeona vya chuma cha pua vya kila namna, vinang'aa, lakini ukitoka mkiani kwenda kichwani na kibao cha visoda, sato mkubwa anabaki laini kabla maji ya chai hayajachemka. Mke wa mvuvi akinitengenezea kingine huwa simpi hela, nampa maandazi, tumezoeana hivyo.

Tangu nianze kutazama vipindi hivyo, na mji huu nautazama kwa macho mengine. Zamani nilikwenda mwaloni Kirumba, pale soko la samaki, kununua na kuondoka. Sasa nasimama. Kuna mama mmoja mnunuzi wa dagaa, hagusi wale wa juu hata kidogo, anazamisha mkono guniani hadi kwenye kiwiko kwa sababu wazuri ndio hupangwa mdomoni, anatoa konzi, anasugua, anatafuna wawili watatu. Akisikia mchanga kwenye jino, anafunga kanga anaondoka bila neno, muuzaji amwite asimwite. Waliokaushwa kwenye chanja bei yao imesimama, lakini ndio pekee anaorudia. Hakuna kamera inayomfuata huyu mama, na naona ni hasara.

Juzi, hata hivyo, kuna mpishi mmoja wa Ulaya amenikera. Alikata kichwa cha samaki, akakitupa kwenye ndoo. Nikazima simu. Sangara wetu, ambaye hata ziwani alipandikizwa tu miaka ya 1950, minofu yake inapanda ndege, sisi tunabaki na mapanki, ile mifupa iliyobaki baada ya minofu, na vichwa. Na nakwambia kichwa cha sangara kikitulia kwenye chukuchuku, nyanya, limau na pilipili nzima isiyopasuka, wao ndio wameachwa. Najua huko Tanga ungekitia nazi. Tia.

Ah, na Daraja la Kigongo–Busisi nimelipita. Lilifunguliwa Juni 2025, urefu wake kilomita 3 juu ya Ziwa Victoria, unatoka upande huu hujamaliza karanga zako umefika ule. Ni zuri, sikatai, na mgonjwa wa Sengerema hasubiri tena kivuko. Ila unakumbuka tulivyokuwa tukisubiri pale na bahasha za mitihani mapajani, na wale akina mama na masinia ya samaki wa kukaanga wakitupigania dirishani? Nimevuka na njaa yangu.

Nimekufungia dagaa debe dogo, wa chanja, nimewachambua mwenyewe. Watatoka na basi la Alhamisi kutoka Nyegezi; namba ya kondakta nitakutumia kwa ujumbe. Usiwaoshe kwa maji ya moto kwanza, wakaange wakavu kidogo ndipo uwaoshe. Na wewe, mtu akija huku, nitumie kifumbu cha kuchujia nazi, kile cha kusukwa, si cha plastiki. Nimemwona binti mmoja wa Pemba akikikamua kwenye simu, siku tatu sasa sina raha. Mzee ameshapigilia msumari.

Ni mimi mwalimu mwenzako,
wa darasa la saba B