Kabla hujasaini ile fomu

Rafiki yangu Hamisi,

Salamu nyingi. Barua yako imenifikia. Unauliza kama usaini fomu ya majaribio ya dawa za saratani ya tezi dume. Kukuamulia siwezi, ila nitakwambia ninavyoliona.

Naona kinachokutia hofu ni kura ya kuamua nani apewe dawa ipi: kwamba ikikuendea vibaya utapewa vidonge bandia na kuachwa hivyo hivyo. Sivyo. Katika majaribio ya namna hii kila mgonjwa hupata tiba ya kawaida. Kinachopigiwa kura ni nyongeza. Sindano yako ya kushusha homoni ya kiume iko palepale. Tangu Huggins na Hodges walipoonyesha mwaka 1941 kwamba saratani ya tezi dume hustawi kwa homoni hiyo, kuizima ndio msingi wa tiba.

Tabu ni kwamba saratani iliyosambaa huzoea kuishi bila homoni. Ndipo watafiti wakajiuliza, mbona tungoje izoee? Utafiti wa CHAARTED ukatoa jibu mwaka 2015: nusu ya walioongezewa dositakseli, dawa ya kemotherapi, tangu mwanzo waliishi zaidi ya miezi 57, na kwa waliopata tiba ya kuzima homoni pekee ilikuwa 44. Mwaka 2022, utafiti wa ARASENS ukaweka darolutamidi, kidonge kinachozuia homoni ya kiume isifanye kazi, juu ya hizo mbili, na hatari ya kufa ikashuka kwa karibu theluthi moja.

Lakini usidhani dawa zikiwa nyingi ndio afya. Abirateroni, kidonge kinachozuia mwili kutengeneza homoni ya kiume, na rediamu 223, dawa ya mionzi, kila moja ina sifa zake, zilipounganishwa waliovunjika mifupa wakaongezeka. Abirateroni na enzalutamidi, ndugu yake darolutamidi, nazo, katika utafiti wa STAMPEDE wa Uingereza, hazikurefusha maisha kuliko abirateroni peke yake. Yaliyozidi ni madhara. Ndiyo maana hata mimi, mwoga wa hospitali unijuaye, naona majaribio haya hayaepukiki.

Muulize daktari nyongeza yenyewe ni ipi. Ikiwa abirateroni, jiandae: kwa kawaida miligramu 1000 kwa siku, tumbo tupu, kisha usile kwa saa nzima, na prednisoloni, kidonge cha steroidi, juu yake. Presha, ini na potasiamu vitapimwa kila mara. Wewe usiyeweza kuamka bila kutia kitu mdomoni, hapo ndipo kazi ilipo!

Halafu tafuta kwenye fomu mahali panaposema unaweza kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu. Usipopaona, kalamu iweke chini. Jumamosi nitakuja tuisome pamoja, na maswali tuyaandike.

Wako,
Juma